Mimi, Chifu na leso ya mwisho

Haya, kwanza kabisa mimi SIKUKIMBIA uchi Kisauni. Nilisimama. Sikusogea hata hatua moja na hapo ndipo shida yote ilipo. Huyo rafiki yangu aliyewarushia voisi noti hakuwepo, kaambiwa na kijana wa mkokoteni, akatia chumvi yake mpaka eti nafukuzwa na mbwa. Mbwa mwenyewe saa hii anatembelea miguu 3, amfukuze nani?

Mnaonijua mnajua shifti ya usiku nalinda na Chifu, German Shepherd wa kilo 38, nyonga ilimuisha mpaka kupanda pikapu akawa anabebwa. Daktari akakikata kile kichwa cha mfupa wa paja kinachoingia kwenye nyonga, akasema hakiwekwi kingine, nyama zenyewe zitakaza zishike pale, bora tu atembezwe. Dakika 5, mara kadhaa kwa siku, kamba shingoni, kukimbia hapana, kuruka hapana, kuteleza ndo usithubutu, na nyuma umnyanyue na kitambaa kinachopita chini ya tumbo. Bosi akasema kule bandani ni simiti tupu na hakuna wa kumuangalia, kaa naye. Wife yuko kwao Malindi, nikaona sawa tu, leso si zipo.

Sasa daktari aliniambia kitu kimoja kikapita sikio hili kikatokea lile: huyu ni dume, leso irudishe nyuma kabisa karibu na mapaja, ukiiweka katikati ataikojolea. Usiku wa sita leso zote za mke wangu ziko kambani zinachuruzika. Imebaki moja. Na hiyo moja nimejifunga mimi, nimelala nayo. (Nyinyi wa bara msiojua joto la huku, msiniulize kwa nini ndani hakukuwa na kitu.)

Saa 11 alfajiri Chifu analia mlangoni. Stima imepotea tangu jioni, giza totoro, mtaro uko hatua 10 kutoka mlangoni. Nikajiambia dakika 2 tu, nani ataniona? Nikaifungua leso kiunoni, nikaipitisha chini ya tumbo lake, kamba nikaizungusha mkononi, tukatoka. Polepole, kama maharusi.

Tukafika. Nikamuinamia, nikambembeleza kwa sauti ya chini, "Chifu, kojoa baba. Kojoa Chifu wangu." Kimya. Kimya cha ajabu kidogo, lakini nitajuaje?

Stima ikarudi.

Ile taa ya pale getini, jamani, ile ya kumulika wezi. Ploti nzima ikawa mchana. Na mbele yangu, kumbe maji ya mfereji yametoka usiku, kina mama kama 12 wamepanga foleni na mitungi yao, wote wamenyamaza wanasikiliza huyu anayembembeleza chifu ni nani. Mikono yangu yote miwili iko kwenye leso. Nikiiachia, nyonga inaanguka na pesa ya bosi inaanguka nayo. Nikageuka. Upande wa pili, vijana wa mkokoteni. Nikarudi vilevile nilivyokuwa. Nikachutama nyuma ya mbwa, na HAPO NDIPO Chifu alipoamua kukojoa. Si kidogo. Alikojoa kama anamwagilia shamba la mchicha, akapumzika, akaanza tena, huku anawabwekea, maana kazi ni kazi.

Bi mkubwa wa chumba cha mwisho akasogea, akakaza macho kwenye pindo la leso tumboni kwa mbwa, akasoma taratibu kama mtoto wa nasari: "Si-ri... ya m-tu-ngi..."

Foleni yote ikamalizia: "AIJUAYE KATA!"

Wallahi kuna mama aliangusha mtungi wake umejaa. "Mwanangu," bi mkubwa akaniambia, kageuza uso kwa heshima, "hiyo siri leo haipo tena."

Nilivyorudi ndani sikumbuki. Kabla sijachemsha chai wife kapiga simu kutoka Malindi, hajasalimia, anauliza ni leso yake gani. Nikamwambia. Akakata. Ni ya arusi ya dadake.

Chifu hajambo, nyuzi zinatolewa wiki ijayo na mguu ameanza kuukanyaga. Mimi kule mferejini siendi, mkokoteni nao siwezi kuuita, naoga maji ya chupa.