Ankara moja kwa nchi tano: je, nyaraka za ununuzi zifanane?

Uganda imepakana na Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, na zote tano ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lori likitoka hapa, liende kaskazini au kusini, linaingia nchi ya Jumuiya. Kwa upande wa forodha jambo hilo limezaa matunda. Tangu 2014, chini ya utaratibu wa Jumuiya uitwao Himaya Moja ya Forodha, ushuru wa mzigo wetu unalipwa kabla mzigo haujatoka bandarini Mombasa, na pale Malaba na Busia maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Anayekumbuka foleni za zamani hawezi kudharau hatua hiyo.

Ila biashara haianzi wala haiishii forodha. Kabla ya mzigo kupakiwa kuna tangazo la zabuni, nukuu ya bei na oda. Ukishafika kuna hati ya kupokea mzigo, ankara, kisha malipo. Nyaraka hizo nazo zimehamia kwenye kompyuta, na kila nchi imezihamisha kivyake. Rwanda ilitangulia na mfumo wake wa ununuzi wa umma, Umucyo, mwaka 2016. Uganda ikazindua e-GP mwaka 2021. Tanzania iliachana na TANePS ikaingia NeST mwaka 2023. Kenya ilipozitaka taasisi zake zote zihamie kwenye mfumo wake mwaka 2025, magavana wakapinga na shauri likafika mahakamani. Upande wa mifumo ya mamlaka za kodi ya kutolea ankara, sisi tuna EFRIS, Wakenya wana eTIMS, na wengine wana yao. Hakuna kati ya mifumo hii uliobuniwa kwanza ili usomwe na jirani.

Tuitazame ankara moja. Muuzaji wa jumla wa Mbale amepata oda Bungoma, Kenya. EFRIS inampa ankara yenye namba yake na msimbo wa kuskani, na mnunuzi anaweza kuhakikisha kwa simu kwamba ni halali. Lakini kuiona kwa macho ni jambo moja, na mfumo wake wa hesabu kuipokea ni jambo lingine. Inabidi karani wa Bungoma aketi aichape upya, mstari kwa mstari. Namba ya mlipakodi ya Uganda ni tarakimu kumi tupu. PIN ya Kenya huanza na herufi na kuishia na herufi, kwa hiyo kisanduku kilichotengenezwa kwa moja kinaikataa nyingine. VAT kwetu ni asilimia 18, kwao 16. Shilingi ya Uganda haiandikwi senti, ya Kenya inaandikwa, na nukta moja ikikaa vibaya, bei inazidishwa mara mia. Kipimo nacho kina mambo yake: gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, ilhali Uganda na Tanzania watu wengi wakisema gunia wanamaanisha kilo 100. Ofisi ya malipo inataka oda, hati ya kupokea mzigo na ankara zikubaliane kabla haijatoa hata senti. Zikitofautiana, malipo yanasimama, na anayeumia ni muuzaji aliyekopa ili anunue mali.

Hapo ndipo hoja ya kuoanisha viwango inaponishika. Haihitaji nchi kuacha mfumo wake. Inahitaji tukubaliane kwamba kisanduku fulani kinabeba namba ya mlipakodi pamoja na nchi iliyoitoa, kingine kinabeba uzito kwa kilo, kingine sarafu kwa msimbo wake wa kimataifa. Makubaliano ya namna hiyo yapo tayari duniani. Lugha ya nyaraka za biashara iitwayo UBL imekuwa kiwango cha kimataifa tangu 2015, kwa jina ISO/IEC 19845. Na kwa kuwa visanduku vinatambulishwa kwa misimbo, ankara ya Kampala ingesomeka Goma kwa Kifaransa na Mwanza kwa Kiswahili bila mkalimani.

Wanaopinga, hata hivyo, hawabahatishi, na hoja yao ya kwanza ni nzito kuliko watunga sera wanavyokubali. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala, wa eneo la maduka la Kikuubo wakiwamo, walifunga maduka kwa sababu ya EFRIS. Mengi ya malalamiko yao yalikuwa ya haki kabisa: adhabu zilikuwa kali, mafunzo hayakutosha, na mtu hununua mali kwa wasiotoa risiti kisha anadaiwa kana kwamba hakununua chochote. Ukimwendea mtu huyo leo ukamwambia kuna tabaka jingine la masharti, safari hii kutoka Arusha yaliko makao makuu ya Jumuiya, atakuuliza nani anagharamia. Swali hilo ni halali. Kampuni kubwa itamlipa fundi wa programu aunganishe mifumo kwa wiki chache. Mama anayevusha mazao Busia hana fundi. Kiwango kikigeuzwa sharti kwa wote, kitakuwa kimemjengea aliye juu ngazi na kumwekea aliye chini ukuta.

Hoja ya pili ni ya kuwalinda wazawa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika 2010, inakataza kuwabagua wazabuni wa nchi wanachama katika ununuzi wa umma. Wakati huohuo Uganda ina miongozo inayotenga kandarasi kwa ajili ya wazawa, na sheria ya Kenya inatenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wapo wanaohofia kwamba nyaraka zikifanana, kampuni za Nairobi zitazoa zabuni zetu. Hofu hii naielewa lakini naona imeelekezwa pasipostahili. Anayeamua nani aombe zabuni ni sheria. Fomu haina uwezo huo. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, karatasi nadhifu kiasi gani zingeyavusha? Mlango hufungwa na kufunguliwa na serikali. Ila nawapa wapinzani haki yao kwa hili: nyaraka zikiwa rahisi, visingizio vitapungua na shinikizo la kufungua soko litapanda. Mimi nalitamani shinikizo hilo. Mwenye kiwanda kidogo cha samani Masaka huenda asilitamani, na ana sababu zake.

Kuhusu siri za bei na taarifa za watu, sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 inatupa pa kuanzia, na majirani kadhaa wana sheria zao. Sioni kizuizi kikubwa hapo.

Ulaya inatufundisha kitu. Mradi wa Peppol ulianza 2008 kwa ndoto ya ununuzi wote wa umma kuvuka mipaka, zabuni zikiwamo. Kilichoshika mizizi zaidi ni ankara, hasa baada ya agizo la Umoja wa Ulaya la 2014 kuzitaka taasisi za umma zipokee ankara za kielektroniki za kiwango kimoja. Muuzaji alibaki na mfumo wake, mnunuzi na wake, na katikati wakawapo wabebaji wanaoelewana. Singapore iliuchukua utaratibu huo mwaka 2018 ikiwa mbali kabisa na Ulaya. Zabuni zilikwenda polepole kwa sababu zimefungamana na sheria za kila nchi, na kwetu itakuwa hivyohivyo.

Kwa hiyo nasimama upande wa kuoanisha, ila kwa mpangilio: oda na ankara kwanza, tena visanduku vichache vya msingi tu. Baadaye uje uthibitisho wa mzabuni, yaani usajili wa kampuni na cheti cha ulipaji kodi, ili mnunuzi wa Kigali auulizie moja kwa moja kwa aliyeutoa badala ya mzabuni kuzunguka na nakala zilizogongwa mihuri. Hilo litadai kwanza saini ya kielektroniki inayotambuliwa Kampala chini ya sheria ya 2011 itambuliwe pia Nairobi na Dodoma, la sivyo faili litabaki kuwa picha ya karatasi. Nyaraka za zabuni zenyewe zingoje.

Wapo wanaoshauri tusubiri Soko Huru la Afrika, ambalo itifaki yake ya biashara ya kidijitali ilipitishwa Februari 2024. Sioni faida ya kungoja. Tukijenga juu ya kiwango cha kimataifa leo, kazi hiyo haitabomolewa bara likifika.

Na kwa wadogo Jumuiya ina kipimo tayari: cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Kikomo hichohicho kitumike hapa, aliye chini yake aendelee na risiti yake ya kawaida. Gharama ya kuunganisha EFRIS na eTIMS zibebe mamlaka za kodi za nchi hizo mbili, kwa kuwa ndizo zitakazovuna kwanza: ankara iliyoandikwa Mbale na kusomwa Bungoma bila kuchapwa upya haiwezi kuonyesha bei mbili.