Ni Nini Hasa Kinachorudi? Kuzaliwa Tena Katika Dini Mbalimbali na Swali la Haki

Anayeandika juu ya jambo hili kwa Kiswahili hukutana na kikwazo kabla hajafika mbali. Maneno "kuzaliwa upya" na "kuzaliwa mara ya pili" yamekwisha kuwa ya Wakristo, nao huyatumia kwa maana ya mtu aliye hai kugeuka moyo, kama Yesu alivyomweleza Nikodemo. "Kufufuka" ni mtu yule yule kuinuka tena. Wanazuoni wa Kiislamu wanalo neno lao, tanasukhi, ambalo aghalabu hutajwa ili likanushwe. Hicho cha mwisho ndicho kinachozungumzwa hapa: kwamba mtu akifa, kitu fulani chake huingia katika mwili mwingine na kuanza maisha mengine hapa duniani. Nimesema "kitu fulani" kwa makusudi, kwa sababu kwa maoni yangu ugomvi wote umelala hapo. Mabishano mengi hukimbilia kuuliza kama jambo hili ni kweli kabla ya kuuliza ni nini kinachodaiwa kurudi, na matokeo yake watu wawili huweza kushindana kutwa nzima juu ya mambo mawili yasiyofanana.

Katika Uhindu fundisho hili lilikomaa mapema na kwa mapana makubwa. Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyeandika kitabu chake juu ya India yapata mwaka 1030, alisema kwamba kama shahada ilivyo alama ya Mwislamu, Utatu alama ya Mkristo na Sabato alama ya Myahudi, ndivyo imani ya roho kuhama ilivyo alama ya Mhindu. Upanishadi ya Brihadaranyaka, moja ya maandiko ya kale ya Kihindu, inaifananisha roho na kiwavi: kikifika ncha ya jani hujinyoosha mbele, kikashika jani la pili, kisha kikajivuta chote na kuliacha la kwanza. Bhagavad Gita, andiko lao jingine mashuhuri, nayo inasema kwamba mtu huiacha miili iliyochakaa na kuingia katika mingine kama avuavyo nguo kuukuu na kuvaa mpya. Mifano yote miwili inachukulia kwamba yupo mvaaji. Nguo hubadilika, lakini atmani, yaani nafsi ya ndani kabisa, haizaliwi wala haifi. Inakoelekea huamuliwa na karma, yaani matendo na matunda yake, na shabaha ya mwisho si kurudi bali kukoma kurudi, hali inayoitwa moksha. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, wanakaribiana sana na Wahindu katika hili, ila kwao karma ni maada laini mno inayoigandama roho kama vumbi, na kumdhuru hata mdudu huiongeza.

Buddha alitoka katika mazingira hayo hayo, akaubakiza mzunguko wa kuzaliwa na kufa, lakini akamwondoa mvaaji. Alifundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Tunachokiita "mimi" ni mkusanyiko wa hisia, fikra na mazoea yanayobadilika kila dakika. Basi ni nani anayezaliwa tena? Swali hili limo katika kitabu mashuhuri cha Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, chenye mazungumzo ya mfalme Milinda, ambaye wanahistoria humtambua kuwa Menander, mtawala Mgiriki wa kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na mtawa Nagasena. Mtawa anajibu kwamba anayezaliwa si yule yule, wala si mwingine. Kisha anamuuliza mfalme: mtu akiwasha taa kwa moto wa taa nyingine, je, kuna kitu kilichotoka katika taa ya kwanza kikahamia ya pili? Mfalme anakiri kwamba hakuna. Hata hivyo taa ya pili isingewaka bila ya kwanza.

Sijakutana na jibu makini kuliko hilo katika dini yoyote inayofundisha kuzaliwa tena. Lakini lina gharama yake. Anayetarajia kumwona tena mama yake aliyefariki, au anayetumaini kuishi yeye mwenyewe kwa mara nyingine, taa ya Nagasena haimpi anachokitaka, kwani kinachoendelea ni moto na wala si mtu.

Ajabu ni kwamba ndani ya dini hiyo hiyo, huko Tibeti, mtu mahususi hutafutwa kwa jina na cheo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1935 katika kijiji cha Taktser alitambuliwa kuwa Dalai Lama wa 14, yaani kiongozi mkuu wa kiroho wa Wabudha wa Tibeti, akiwa bado mdogo sana, na simulizi inayojulikana ni kwamba wajumbe walimwekea vitu vya Dalai Lama aliyetangulia, miongoni mwavyo tasbihi, fimbo na ngoma ndogo, vikichanganywa na vingine visivyokuwa vyake, naye akavichagua vilivyo sahihi. Wanazuoni wa Tibeti wana maelezo ya jinsi desturi hii inavyopatana na fundisho la kutokuwapo kwa nafsi, na siwezi kusema kwamba maelezo hayo hayana mantiki. Ninachokiona ni kwamba swali la kinachorudi limegeuka pia kuwa swali la mamlaka. Mwaka 2007 serikali ya China ilitoa kanuni inayotaka utambuzi wa walama, yaani walimu wa dini wa Tibeti, waliorudi upate kibali chake, na mwezi Julai 2025 Dalai Lama alitangaza kwamba cheo hicho kitaendelea na kwamba taasisi yake mwenyewe ndiyo pekee yenye haki ya kumtambua mrithi. Serikali isiyoamini kwamba kuna kitu kinachorudi inadai haki ya kuthibitisha kwamba kimerudi.

Watu wengi wakisikia kuhusu imani hii huwaza India peke yake, na hilo ni kosa. Miongoni mwa Wayoruba wa Afrika Magharibi mtoto wa kiume anayezaliwa baada ya kifo cha babu yake huweza kuitwa Babatunde, yaani baba amerudi, na wa kike akaitwa Yetunde, mama amerudi. Hapa kuna tofauti kubwa ambayo waandishi wengi huipita haraka mno. Kwa Mhindu na Mbudha, kurudi duniani ni kifungo ambacho mwenye hekima hutafuta kutoka. Kwa Myoruba ni furaha na heshima kwa ukoo mzima, na hakuna anayeomba kuepushwa nako. Tena babu aliyerudi katika mjukuu bado huombwa na kutajwa miongoni mwa wahenga, kana kwamba yuko pande mbili kwa wakati mmoja. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alieleza mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika kurudi huku ni kwa sehemu tu: baadhi ya sifa za marehemu huonekana kwa mtoto, ilhali marehemu mwenyewe hajahama alipo. Ukilinganisha na kiwavi cha Upanishadi, hiki ni kitu kingine kabisa.

Kwa upande wa wanaokataa, maneno ni ya wazi. Waraka kwa Waebrania unasema kwamba watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Katika Sura ya 23 ya Qurani anayefikiwa na mauti anaomba arudishwe apate kutenda mema, naye anakataliwa. Mbele yao pana kizuizi, barzakhi, mpaka siku ya kufufuliwa. Hata hivyo ukuta huu haukukosa nyufa. Saadia Gaon, kiongozi wa Wayahudi wa karne ya 10, aliipinga imani hii vikali, lakini karne ya 16 Isaac Luria na wanafunzi wake mjini Safed waliifanya kuwa nguzo ya mafundisho yao ya Kabbala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi. Wadruzi, ambao jamii yao ilichipuka kutoka katika Ushia wa Kiismaili, wanaamini kwamba roho huhama mara moja baada ya kifo, daima kutoka kwa binadamu hadi kwa binadamu.

Kuna dai moja ambalo lazima nilipinge hapa, kwa kuwa linarudiwa mno: kwamba Wakristo wa kwanza wote waliamini kuzaliwa tena mpaka mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ulipolifuta fundisho hilo. Laana zinazohusishwa na mtaguso ule zililenga fundisho la roho kuwapo kabla ya mwili, lililonasibishwa na Origen, mwanateolojia Mkristo wa karne ya 3, na hilo ni jambo tofauti. Origen mwenyewe, katika ufafanuzi wake wa Injili ya Mathayo, alikataa kwamba Yohana Mbatizaji alikuwa Eliya kwa maana ya roho kuhama. Wanaoitetea imani hii wanazo hoja nzito zaidi ya hiyo, na ingewafaa kuiacha.

Miongoni mwa hoja hizo ni kazi ya Ian Stevenson, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, ambaye hadi kifo chake mwaka 2007 alikuwa amekusanya visa zaidi ya 2,500 vya watoto waliosema wanakumbuka maisha ya awali. Kwa kawaida mtoto huanza kusema hayo akiwa na miaka kati ya 2 na 4, husahau akifika 7 au 8, na mara nyingi mtu anayemkumbuka alikufa kifo cha ghafla au cha kikatili. Stevenson alikuwa mwangalifu; hata kitabu chake cha mwaka 1966 alikiita cha visa vinavyoashiria, si vinavyothibitisha. Wapinzani wake husema kwamba visa vingi vimetoka katika jamii ambazo tayari zinaamini, na kwamba mara nyingi familia mbili husika zilikuwa zimekutana na kulinganisha habari kabla mtafiti hajafika. Kwangu mimi lenye uzito zaidi ni jambo ambalo Stevenson mwenyewe aliliripoti: katika jamii zinazoamini kwamba mtu hawezi kurudi kwa jinsia nyingine, kama Wadruzi, hakupata kisa cha mwanamume kurudi mwanamke wala kinyume chake, lakini kwingineko vipo. Watetezi hujibu kwamba huenda imani ya mtu ndiyo inayoongoza anakorudi, na jibu hilo haliwezi kukanushwa, lakini udhaifu wake ni huo huo, kwamba hakuna kisa ambacho kingeweza kulipinga. Visa hivi vinastahili kuchunguzwa bila dhihaka. Havijafika kiwango cha kumlazimisha asiyeamini.

Lakini sidhani kwamba ushahidi ndio unaowavuta watu wengi. Kinachowavuta ni haki. Mtoto mmoja anazaliwa na afya, mwingine anazaliwa na maumivu ambayo hayatamwacha; mmoja anaishi siku 3, mwingine miaka 90. Anayeamini maisha mamoja tu anaulizwa hukumu moja ya milele inawezaje kuwapima wawili hao kwa mizani moja. Mwislamu atajibu kwamba Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na Mkristo ana jibu linalofanana, lakini majibu hayo yanahusu namna ya kuhukumu. Hayaelezi kwa nini mtoto yule aumie. Karma inaeleza, na mtu aliyekesha kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa hawezi kulipuuza jambo hilo.

Tatizo langu ni kile ambacho maelezo hayo yanakisema kumhusu mtoto. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanapita mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, hata azaliwe hivyo. Wengine husoma swali hilo kama dalili kwamba wanafunzi waliwaza maisha ya awali. Vyovyote iwavyo, kipofu amekaa hapo hapo akijadiliwa kama mshitakiwa, na hakuna aliyemwambia kosa lake. Upanishadi ya Chandogya inakwenda mbali zaidi: waliotenda mema watapata tumbo la kuhani, la mpiganaji au la mfanyabiashara, na waliotenda maovu watapata tumbo la mbwa, la nguruwe au la mtu wa tabaka linalodharauliwa. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, aliuliza mwaka 1686 ingemfaa nini mtu kufanywa mfalme wa China kwa sharti la kusahau yote aliyokuwa. Je, si sawa na Mungu kumfuta mtu huyo na kuumba mfalme mwingine huko? Ugeuze mfano huo upande wa adhabu, nao unauma zaidi.

Watetezi wana jibu la haki hapa, nami nalikubali kwa sehemu. Kovu la moto halihitaji mwenye kovu akumbuke alivyoungua akiwa mchanga. Wakisema karma ni kama mbegu na mmea, na wala si mahakama, basi hoja ya kumbukumbu inapungua nguvu. Lakini wakisema hivyo, wameiacha pia faraja ya haki, kwa sababu mmea haumtendei mtu haki wala dhuluma. Hawawezi kushika yote mawili, kumfariji mzazi kwa haki na kumjibu Leibniz kwa mbegu.

Aliyelipima jambo hili kwa maisha yake ni B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa wale walioitwa wasioguswa na baadaye akaongoza uandishi wa katiba ya India. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi. Alisema waziwazi kwamba kumweleza maskini kuwa umaskini wake ni malipo ya maisha yaliyopita ni kuiondolea jamii wajibu wake kwake. Hata hivyo dini aliyoingia ilikuwa Ubudha, dini inayofundisha kuzaliwa tena, na hakulikwepa swali hilo. Katika kitabu chake juu ya Buddha, kilichochapishwa mwaka 1957 baada ya kifo chake, aliandika kwamba elementi za mwili, udongo, maji, moto na hewa, hurudi na kuungana na za namna yake na kutumika upya. Roho hairudi, wala deni la marehemu halimfuati mtoto yeyote aliyezaliwa baada yake.