Feni Mpya, Mvuke Uko Juu ya Dari

Doa lilianza dogo, pembeni mwa feni ya bafuni. Nikadhani paa linavuja. Jumamosi nikapanda ngazi, nikachungulia juu ya dari, na hasira niliyoshuka nayo bado haijapoa. Bomba la kutolea hewa limelala juu ya mbao, mdomo wazi, halijaungwa popote. Tangu nibadilishiwe feni mwaka jana nimekuwa nikilipia umeme ili mvuke utoke bafuni ukaozeshe paa langu mwenyewe. Hongera fundi, feni umeifunga imenyooka kweli.

Haya, na mimi nina langu. Siku ile niliisikia inavuma nikaridhika. Hata karatasi ya chooni niliibandika kwenye wavu, ikang'ang'ania. Kumbe kipimo kile kinakuambia hewa inatoka chumbani tu. Inaelekea wapi, hakisemi!

Kwa hiyo jamani, siku ya kubadilisha feni, kabla hujamlipa mtu, toka nje. Tafuta kile kilango cha hewa ukutani au juu ya paa, mwambie aliye ndani awashe. Kisipofunguka, kazi haijaisha, hata kama boksi linang'aa. Na bomba liwe fupi, limenyooka. Lile la mikunjo likiachwa linining'inie, maji yanatuama kwenye bonde lake na hewa inakabwa. Kuna wanaonunua feni yenye mdomo wa milimita 150 wakailazimisha kwenye bomba la 100, halafu wanalalamika inapiga kelele. Isipige kwa nini?

Umeme uzime kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya ukutani, kisha uhakikishe kwa testa. Hapo sina mzaha.

Jingine dogo: mlango uliobana hadi sakafuni unaidhulumu feni, maana haiwezi kuvuta hewa isiyoingia. Wangu nimeuranda chini kidogo. Na ukimaliza kuoga iache izunguke dakika 15 au 20. Najua, bili. Rangi ya dari nayo haigawiwi bure.

Bomba nimeliunga mwenyewe, nikalifunga kwa kibano cha chuma. Jioni mwanangu alipoingia kuoga nilisimama nje gizani na tochi, nikikitazama kilango kinapepea. Jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.