Kapteni, "Ile Kamba" ni Ipi?

Jumamosi alasiri, kutoka Manda kuja Shela, kusi imekaza. Kijana aliyeshika usukani kavaa fulana iliyoandikwa KAPTENI mgongoni kwa herufi kubwa, pengine asije akasahau. Upepo ukapiga ghafla, mashua ikalala. Kapteni akapayuka: "Legeza ile kamba! Si hiyo! Ile nyingine!"

Mashua ina kamba ngapi, jamani? Baharia wake, mtoto tu, alishika hii akaiacha, akaparamia ile. Maji yanachungulia ubavuni, bibi mmoja kashaanza kupiga shahada. Tulifika salama, alhamdulillahi, lakini hasira bado ninazo.

Nikisema kila kamba ina jina lake na litumike, naambiwa hayo ni maneno ya wazee, yapelekwe makumbusho. Hivi mnajua mnachokisema? Demani ndiyo kamba inayoshika pembe ya tanga upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Ilegeze, tanga litamwaga upepo na chombo kitainuka. Henza ndiyo kamba iliyobeba foromali, gogo linaloning'iniza tanga. Iachie hiyo kwa makosa, na gogo lote pamoja na tanga lake vitawashukia abiria vichwani. Kamba zote mbili siku hizi ni za nailoni, rangi moja, na anayezishika ana nukta chache za kuamua. Sasa "ile" ni ipi? Nahodha anayejua kazi yake hutamka neno moja tu, hata usiku wa giza totoro, na mkono wa baharia unakwenda panapotakiwa.

Nenda Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, ukamwombe fundi "kile kimti cha ubavuni" uone utakavyotazamwa. Pale taruma, ubavu wa chombo, ni taruma, na mkuku, uti wake wa chini, ni mkuku, kwa kuwa ubao ukikatwa kwa kipimo cha kitu kingine ni hasara, na mbao hazina bei ya mchezo.

Wala msiniambie ni mambo ya ujana. Vijana wanaoshindana kwa matanga hapa Lamu wanajua joshi, upande unakotoka upepo, wanajua kupiga bisho, kwenda mshazari kuukabili upepo, na wanagombana kwa maneno hayohayo mpaka mapovu yawatoke. Wanajua kwa sababu asiyejua huachwa nyuma.

Haya, boti za mashine zimetusaidia, sibishi. Mgonjwa wa Faza, kule kisiwa cha Pate, hawezi kungoja upepo. Na mgeni akitaka kuelezwa kwa Kiingereza, aelezwe, analipa. Hoteli zinazoita kila chombo chenye tanga "dau", na dau ni aina moja tu, hizo nimeshazinyanyulia mikono.

Lakini anayebeba watu kwa tanga ajue tanga. Nyinyi mnaotoa vyeti vya unahodha, kabla ya kugonga muhuri mpandisheni kijana chomboni, mfungeni kitambaa machoni, kisha mwambieni: "Demani!" Akishika henza, hakuna cheti.