Baleti Kisumu: mtoto aanze lini mikao ya ngazi ya juu?

Mzazi anayempeleka bintiye darasa la baleti kila Jumamosi hapa Kisumu hakawii kuuliza: mbona mwaka wa pili huu bado anakunja magoti tu, ameshikilia kiti? Kwenye simu ameona wasichana wa umri uleule wameinua mguu nyuma hadi usawa wa kichwa. Mwalimu anamwambia avute subira, naye anaona karo inapotea. Naamini wote wawili wana hoja, ila wamechanganya mambo mawili: kupandisha mguu na kugeuza mwili.

Hoja ya mwalimu ni nzito. Katika arabeski mchezaji husimama kwa mguu mmoja na kunyoosha mwingine nyuma. Mguu ukizidi kupanda, nyonga huinama mbele na uti wa mgongo hubeba kazi kubwa. Mtoto ambaye misuli ya tumbo na mgongo bado ni dhaifu hujikunja pale kiunoni, na akirudia hivyo kila wiki pingili za mgongo zinaweza kupata ufa. Miguu kutazama nje nako hutoka kwenye nyonga. Akilazimisha kwa nyayo, goti ndilo linalosokotwa. Ongeza kumbi zetu za kukodi zenye sakafu ya saruji, ambako kila mruko hurudisha nguvu zake kwenye miundi.

Lakini si kila mkao wa ngazi ya juu unadai mguu upae. Enrico Cecchetti, mwalimu Mwitaliano aliyefariki mwaka 1928, aliacha mfumo wenye mikao minane ya mwili, ikiwemo kruaze na ekarte (mwili ukitazama kona, mguu ukinyooshwa kando), na msingi wake ni mwelekeo. Simama mguu wa kulia ukiwa mbele, kisha uelekeze mwili kona ya mbele kushoto: mtazamaji anaona miguu imepishana. Hiyo ni kruaze. Geukia kona ya mbele kulia, mguu uleule ukiwa mbele, na miguu inaonekana imefunguka. Hiyo ni efase. Hapo mtoto anahitaji kujua mtazamaji amekaa wapi, kisha ageuze bega na kichwa kwa makusudi.

Na mabega watoto wa huku wanayo! Aliyekulia Kakamega akitazama isukuti, ngoma ya asili ya Waluhya, anajua bega linavyoweza kuwa na kazi yake na nyonga nayo kazi yake. Baleti inataka bega tulivu zaidi, kweli, lakini uwezo wa kuvitenganisha viwili hivyo ni mtaji. Kumweka miaka miwili akitazama ukuta wa mbele tu ni kumkausha.

Walimu wengine huhofia kwamba mtoto akigeuzwa kona mapema nyonga zitapinda. Kwa miezi ya mwanzo nakubaliana nao. Baada ya hapo, kruaze na efase ziingie mwaka uleule wa kwanza, nyayo zote zikiwa chini, na ekarte ifuate, vidole vikigusa sakafu tu. Arabeski ya juu ndiyo ingoje, na mzazi aambiwe inangoja nini: siku mtoto atakapoinua mguu nyuma shubiri chache tu na kuushikilia, bila kiuno kulegea wala goti la mguu aliosimamia kuingia ndani.