Chevda Iliyoliza Ghorofa Nzima

Dada yangu alipotangaza kwamba mwanawe anatimiza miaka saba, nilijitolea kuandaa chevda, ule mchanganyiko mkavu wa vitafunio vya kukaanga, kwa mikono yangu, kwa sababu ile ya vipakiti nilikuwa nimeikashifu mbele ya watu wengi mno hata nisingeweza tena kuinunua bila aibu. Niliahidi ladha tatu: ya pilipili na ndimu, ya bizari, na ya sukari na mdalasini kwa ajili ya watoto.

Ijumaa jioni nilipitia Ngara, nikarudi nyumbani mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, nimebeba karanga, konfleksi, tambi za unga wa dengu na mchele uliobanwa, ule mwembamba kama magamba ya samaki. Kukaanga kulinipendeza kupita kiasi. Ukiutumbukiza mchele huo katika mafuta yaliyopata moto sawasawa, unazama, kisha kabla hujahesabu hadi tatu unaibuka umeumuka, mweupe kama bisi, nawe lazima uuopoe papo hapo. Karanga ndizo zilizonitoza karo, kwa maana huendelea kuiva hata zikiisha kutolewa mafutani. Fungu la kwanza niliopoa za rangi ya kupendeza, nilipogeuka zikawa makaa.

Kufikia saa sita usiku ladha zote tatu zilikuwa tayari. Wapwa zangu wawili walikuwa wamelala kwangu, nami nikiwajua walivyo, niliimimina chevda ingali moto katika ndoo tatu na kuvibana vifuniko kwa goti. Asubuhi nilipofunua, matone ya maji yalining'inia chini ya kifuniko kama umande. Nilitia konzi moja kinywani, nikatafuna, nikasikiliza. Kimya. Ilikuwa kama kutafuna soksi, ingawa soksi yenye chumvi ya kutosha.

Kwa kuwa sina joko, niliamua kuikausha kwenye sufuria kavu juu ya gesi. Nilianza na ya sukari, ambayo iliyeyuka, ikatoa harufu nzuri ya kunipa matumaini ya bure, na ilipopoa ikawa jiwe moja la mviringo lenye umbo kamili la sufuria. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi niliosha sufuria nyingine, nikamimina ndoo nzima ya pilipili, nikaongeza moto.

Moshi wenyewe haukuonekana sana, na hilo ndilo lililonipumbaza. Mpwa mdogo alikohoa kwanza, nikamwambia aache kudeka. Kisha nikakohoa mimi, nikafungua mlango ili tupate hewa, na hapo ndipo nilipoikabidhi ngazi yote ya jengo pilipili yangu. Mlango wa pili ulifunguka, jirani akatoka na leso mbichi puani, akipaza sauti, "Vitoa machozi! Fungeni madirisha!" Mkazi wa Nairobi hahitaji kuambiwa mara mbili. Ghorofa ya nne waliingiza watoto ndani, ghorofa ya pili wakauliza maandamano yamefika wapi, na mzee mmoja akafunga kioski chake pale chini bila kuuliza chochote.

Keateka, yaani msimamizi wa jengo, alipanda akiwa ameziba pua kwa kofia, macho mekundu, akifuata harufu mlango hadi mlango. Alinikuta nimesimama na mwiko mkononi.

"Bosi," alisema, akapumzika kukohoa, "ni wewe?"

Nilimwonyesha sufuria. Aliitazama kwa muda, akashuka bila kusema neno.

Alasiri sherehe ilianza na ndoo moja tu iliyosalimika, ile ya bizari, ambayo sikuthubutu kuigusa na iliyobaki laini vilevile. Shosho, nyanya yetu, ambaye meno yake yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, aliivutia kwake na kusema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kula chevda yenye huruma namna hiyo. Watoto walidai yao ya sukari. Niliweka lile jiwe sakafuni juu ya gazeti, nikampa mwenye sherehe mchi wa kinu, na mlio nilioutafuta tangu alfajiri ukapatikana kwa pigo la kwanza.

Pigo la nne lilimleta keateka tena mlangoni, kuuliza ni nani anayebomoa ukuta. Dada yangu alimkaribisha kiti. Alikataa kuketi, ila aliondoka na kipande kikubwa mfukoni, baada ya kukinusa kwanza kwa mbali.