Jengo la Richards: Sifa kwa Msanifu, Jua kwa Watafiti

Mwaka 1961 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifanya maonyesho ya jengo moja tu: maabara za Richards za Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, kazi ya msanifu majengo Louis Kahn. Watafiti waliohamia humo, kwa upande wao, walibandika karatasi za alumini madirishani ili jua lisiwachome macho.

Kahn alikiri kwamba aliyachukia mabomba, na ndiyo maana akaona lazima yapewe mahali pake. Akayajengea minara ya matofali, pamoja na ngazi na njia za kutolea hewa chafu, kisha maabara akaziegemeza kando. Kila ghorofa ya maabara ni mraba wa karibu mita 14 kila upande, bila nguzo hata moja katikati. Tazama kona zake: hazina nguzo. Boriti ya zege hupungua kimo hatua kwa hatua kadiri inavyoikaribia kona, maana mzigo nao unapungua, hadi mwishoni vioo viwili vinakutana. Mhandisi August Komendant alitumia vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, vikapandishwa kwa kreni na kukazwa kwa nyaya za chuma. Kwangu mimi, kona hiyo ni uhandisi unaosomeka kwa macho.

Lakini kioo hichohicho ndicho kilicholeta jua. Tena Kahn aliwawazia wanasayansi kama wachoraji katika ukumbi mmoja wa wazi, nao walitaka kuta, makabati na faragha. Wakagawanya vyumba. Mabomba yaliyoachwa wazi darini yalishika vumbi.

Watetezi husema watumiaji ndio walioliharibu. Sikubali, mwenye hadubini hawezi kufanya kazi akiwa amekunja uso. Ila wanaosema wazo lenyewe la kuyapa mabomba mahali pake lilishindwa nao wanakosea. Jonas Salk, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya polio, alivutiwa na kazi hii ya Kahn, akampa kazi ya kusanifu taasisi yake ya utafiti huko La Jolla, California. Humo kila ghorofa ya maabara ina ghorofa nzima ya mabomba juu yake, fundi akaingia na kutengeneza bila kumsumbua mtafiti, na wanasayansi wakapata vyumba vidogo vya kutafakari, mbali na maabara.

Jengo la Richards lilitangazwa alama ya kihistoria ya taifa la Marekani mwaka 2009. Baadaye lilikarabatiwa kwa ajili ya utafiti unaotegemea zaidi kompyuta kuliko kemikali, kazi isiyohitaji mabomba mengi kama yale yaliyojengewa minara.